Muziki wa Bodaboda Moja

Kutoka Masasi mpaka Newala ni kilomita kama 70, na sehemu kubwa ya safari haina cha kusimulia: mikorosho, vijiji, mbuzi wasiojali honi. Kazi iko kwenye kupanda. Masasi imekaa chini, katikati ya milima yake ya mawe. Newala imekaa juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla na mtu aliyesimama Shimo la Mungu anaiona nchi ya chini ikitandaa kuelekea Ruvuma na Msumbiji. Kinachofika Newala kwa njia hiyo lazima kipandishwe. Kwa vizazi vingi hata maji yalipandishwa, kichwani, kwa kuwa juu ya uwanda hakuna mto na mchanga hunywa mvua yote; ni mpaka miaka ya 1950 ndipo mradi wa Makonde ulipoanza kuyasukuma kwa mashine. Watu wa mahali kama hapo, ukiwaonyesha kitu kipya, wanakinyanyua kwanza.

Kwa hiyo ninaitazama kwa heshima spika ndogo ambayo siku hizi inapanda mlima huo ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Ndani ya sanduku lake mna amplifaya, mikisa yenye matundu matatu manne ya kuchomekea maiki na gita, na betri inayovumilia saa kadhaa bila umeme. Mwenye spika anaipakata begani kutoka barabarani hadi uwanjani. Wenzake wanakuja kwa Noah na magita yao na tumba, na mwimbaji anakuja mikono mitupu kama waimbaji wote duniani. Nusu saa baadaye watu wanacheza.

Muziki mnene husafiri vingine. Husafiri kwa Fuso: spika zenye kimo cha mtu, masabufa, amplifaya kwenye makasha ya chuma, jenereta, mizingo ya nyaya, na mafundi mitambo waliolala juu ya turubai. Umeme unaofuliwa Mtwara kwa gesi ya Mnazi Bay ulishazifikia Masasi na Newala, lakini hakuna fundi mwenye akili anayekwenda kwenye sherehe bila jenereta yake. Fuso likifika, watoto wanalizunguka kabla hata turubai halijafunuliwa. Huwezi kulinganisha shangwe hiyo na mtu anayeshuka kwenye pikipiki na sanduku moja. Mara nyingi nimesikia wenyeji wa sherehe wakiuliza, kwa adabu, kama vyombo vingine viko njiani.

Historia ya muziki wa dansi Tanzania unaweza kuiandika yote kwa kumfuata mwenye vyombo. Klabu za mwanzo, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932, zilikuwa za wanachama. Baada ya Uhuru zikaja bendi za taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, na baadaye polisi, jeshi la kujenga taifa, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima. Mwanamuziki alipata mshahara, jambo ambalo wengi wao hawajalipata tena, na shirika lilibaki na funguo za stoo. Ukiondoka, unaondoka na sauti yako tu. Mwaka 1985 wanamuziki Muhiddin Maalim Gurumo, Abel Balthazar na wenzao kadhaa waliihama bendi ya Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Walichukua ujuzi wote uliokuwa kichwani na mikononi mwao, lakini ili usikike ilibidi mtu mwingine awe ameshanunua magita, ngoma na spika. Bendi zilihamishwa, zikabadilishwa majina, zikafa na kufufuka, na mara nyingi ukichimba chini ya sababu zilizotajwa magazetini unakuta suala la vyombo: ni vya nani, vimechakaa kiasi gani, na nani amepata vipya.

Masasi ina uhusiano wake na jambo hili, ingawa watu wachache hukumbuka kulitaja. Askofu Trevor Huddleston, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, ndiye padri yuleyule aliyempatia tarumbeta mwanafunzi mmoja wa Johannesburg aitwaye Hugh Masekela katikati ya miaka ya 1950. Vijana wa shule yake wakaunda bendi iliyobeba jina la padri wao, na padri alipoitwa kurudi Uingereza, Louis Armstrong mwenyewe akawatumia tarumbeta kutoka Marekani. Kisha bendi ikatawanyika, na mwaka 1960, Huddleston alipokuwa anaingia Masasi, Masekela alikuwa anaiacha Afrika Kusini. Kilichomwezesha kuendelea ni kwamba alikuwa na chombo chake. Sina ushahidi kwamba askofu alipofika kwetu aliwaza habari za jazi hata kidogo. Alikuwa na shule, hospitali na barabara mbovu za kuwaza. Lakini jambo lile alilolifanya Johannesburg lilikuwa na akili ambayo mashirika yetu hayakuwa nayo: chombo alikabidhiwa mpigaji.

Spika ya bodaboda inafanya kazi hiyohiyo kwa upande uliokuwa umebaki. Gita mpiga gita alikuwa nalo zamani. Alichokikosa ni sauti ya kulifikisha gita lake kwa watu mia. Kwa hiyo alikuwa anakwenda kwa mwenye muziki, anakubali masharti, na mwisho wa usiku fedha zinahesabiwa zikianzia kwa jenereta. Sasa wapigaji wanne wanaweza kuchanga msimu mmoja wa korosho wakanunua sanduku lao. Wanagombana baadaye juu ya nani alale nalo, lakini huo ni ugomvi wa wenye mali.

Uwanda huu uliwahi kupokea chombo kingine cha sauti kilichobebwa na watu, na habari zake zinafundisha. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig, alipanda kutoka Lindi kupitia Masasi hadi Newala akiwa na msafara wa wapagazi. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa. Mwaka uliotangulia misheni ya Masasi ilikuwa imeshambuliwa. Katika mizigo ya Weule mlikuwa na kamera ya sinema na fonografu ya mitungi ya nta. Fonografu haikuhitaji umeme. Ilikuwa na springi ya kuzungusha, pembe ya kukusanya sauti na sindano ya kuikwaruza kwenye nta, na nta hiyo haipendi joto, ilhali joto la kusini halijawahi kumwogopa mgeni. Aliyetaka kurekodiwa ilibidi asogee mpaka mdomoni mwa pembe na kuimba ndani yake. Chombo kilekile kikigeuzwa kilirudisha sauti iliyoimbwa.

Kwa kadiri ninavyojua historia ya sehemu hii, hicho ndicho chombo cha kwanza kidogo cha muziki kuletwa huku kwa shughuli ya kurekodi, na tayari kilikuwa kimeweka utaratibu tunaoufahamu: kila mtu alipunguzwa ili atoshe ndani ya pembe. Ngoma kubwa ikikaribia inaimeza sauti ya mwimbaji, kwa hiyo anayerekodi huisogeza nyuma. Kikundi cha watu thelathini wanaozunguka uwanja hakiingii ndani ya pembe, kwa hiyo anachagua wachache. Na kazi ilipokwisha, nyimbo zilishuka ule mlima zikiwa ndani ya sanduku la mwenye fonografu, zikaenda Ujerumani. Kitabu cha safari yake kilitoka mwaka 1908. Waliomwimbia walibaki na midomo yao, ambayo kwa bahati nzuri ilitosha.

Kuna watu wanaodhani kwamba kidogo maana yake ni kipole. Mchiriku unawakanusha. Vijana wa uswahilini Dar es Salaam, kuanzia miaka ya 1990, walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea watoto, wakaviunganisha na honi za matangazo na ngoma, wakapata muziki unaokwaruza masikio na kukesha hadi asubuhi. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 walitumia sumaku za vipuri vya magari kutengeneza maiki za likembe, kwa kuwa mji ulikuwa na kelele na likembe ni ala ya kunong'ona. Kukwaruza kule, ambako fundi mitambo yeyote aliyesoma angekuita kasoro, kukawa ndiyo ladha yenyewe. Vyombo hivi vyote vilibebeka, na hakuna aliyevitengeneza kwa ajili ya muziki wa hotelini.

Spika mpya za betri, kinyume chake, zilibuniwa na watu wanaopenda usafi. Mwaka 2003 kampuni ya Marekani, Bose, ilitoa mnara mwembamba uitwao L1, wenye vispika vidogo vilivyopangana wima, na wazo lake lilikuwa la kushangaza kidogo: usiuweke mbele ya bendi ukiwatazama watazamaji, uweke nyuma ya mpigaji, ili yeye na watazamaji wasikie kitu kimoja. Wazo hilo lina mantiki ya fizikia. Sauti ya spika ya kawaida hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mstari wa wima, kwa masafa ya karibu, hupungua kama desibeli 3 tu. Wa mbele hawapigwi, wa nyuma hawanyimwi. Minara ya aina hiyo imeigwa na kampuni nyingi, na nakala za bei nafuu zimeshafika hata kwenye maduka ya mikoani, pamoja na yale masanduku ya kawaida yenye taa za rangi ambazo hakuna aliyeziomba.

Kuweka spika nyuma kunaleta adhabu moja mara moja. Maiki inaitazama, inaisikia, inairudishia sauti yake yenyewe, na uwanja mzima unapigwa na yowe. Dawa zake kuu ni mbili: mwimbaji aisogelee maiki mpaka midomo iguse, na wote washushe sauti. Hapo ndipo bendi nyingi hugundua kwamba kwa miaka yote hazijawahi kusikilizana. Chini ya muziki mnene kila mtu alikuwa na monita yake, na aliyejiona hasikiki alimnyooshea fundi kidole juu. Fundi akampandisha, mwenzake naye akanyoosha kidole, na kwa kuwa sikio linahitaji nguvu ya umeme kama mara kumi ndipo likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, ugomvi wa vidole viwili unaweza kumaliza amplifaya. Fuso lilizaliwa hapo. Penye spika moja na matundu manne hakuna wa kunyooshewa kidole. Mpiga solo akitaka kusikika lazima asubiri mwimbaji amalize, na mwimbaji akitaka kupumzika lazima amwachie nafasi mpiga rithim. Nimeona bendi ya wastani ikigeuka nzuri kwa sababu hiyo tu, na nimeona nyingine, yenye majina makubwa wilayani, ikishindwa kabisa kupiga wimbo mmoja ukaeleweka.

Mambo haya si mageni Umakondeni. Kikundi cha ngoma za sindimba au cha kinyago hakina mikisa. Vile vinganga vidogo vyenye mguu uliochongoka huchomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo nyembamba, vikishika mwendo mkavu usiobadilika. Ngoma nene huzungumza chini yake, na moja kati yao huongoza, ikimtazama mchezaji miguuni. Ngozi zikilegea zinapelekwa kwenye moto wa nyasi, zinapashwa, zinagongwa kwa kidole, zinarudishwa. Kila mpigaji ana kiasi cha sauti mkononi mwake na anakibadilisha kufuatana na anachokisikia kwa jirani yake. Asiyesikia jirani haketi hapo msimu ujao. Sidhani mpiga ngoma wa Newala angeona ajabu yoyote katika wazo la L1, ila bei yake.

Kitu kimoja spika ndogo haikiwezi, nacho ni besi. Besi ni hewa nyingi inayosukumwa, na kispika kidogo hakisukumi hewa nyingi hata maneno ya kwenye boksi yaseme nini. Wapigaji wana mbinu zao. Ukiishusha spika chini, ardhi inaisaidia na besi inanenepa. Ukiipandisha juu ya kreti za soda, besi inakonda lakini maneno yanawafikia waliokaa nyuma. Ukuta mgongoni unasaidia, kama upo. Masasi, ukipiga karibu na miamba, jiwe linakurudishia sauti na unajiona una vyombo vingi kuliko ulivyo navyo, kwa gharama ya maneno kuchanganyika. Newala ukingoni hakuna kinachorudi. Sauti inatoka, inapita vichwa vya watu, inaangukia bondeni na kupotea, na bendi iliyozoea Masasi hupata hofu ya ghafla kwamba spika imeharibika. Hapo ndipo wanapoongeza sauti, na ndipo yowe linapowakuta.

Pingamizi kubwa, hata hivyo, halihusu besi. Nililisikia kwa mzee mmoja aliyekuwa akigharimia sherehe ya wapwa zake kutoka jando, baada ya mnada wa korosho kwenda vizuri. Umakondeni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayetazamwa siku hiyo: chakula kikipungua ni aibu yake, muziki ukipwaya ni aibu yake. Kijana wa bendi alimwamkia, akamwonyesha spika, akamweleza kwa heshima zote.

"Mzee, hii inatosha kabisa."

"Inatosha kwa nani, mwanangu?"

Kijana akasema inatosha kwa watu wote waliomo uwanjani. Mzee akamwambia kwamba waliomo uwanjani wameshafika, hana wasiwasi nao. Anaowafikiria ni wale wa kijiji cha pili.

Sijapata jibu zuri la hoja ile. Nimejaribu kujiambia kwamba ni majivuno, na kwa sehemu ni majivuno kweli. Lakini ngoma yenyewe, tunayopenda kuisifu kwa kusikilizana, iliundwa isikike mbali. Mlio wa usiku ndio uliokuwa mwaliko. Mtu alitega sikio, akajua ni upande gani na ni ngoma gani, akajifunga shuka akaenda, na alipofika hakuna aliyemuuliza kadi. Spika ndogo haifiki huko. Inachora duara kuzunguka watu walioalikwa kwa simu na kuchangishwa kwa kadi, na aliye nje ya duara hasikii wala hajui kwamba kuna sherehe. Mijini hilo ni jema; jirani mwenye mgonjwa analala. Kijijini, pale sherehe ilipokuwa haina orodha ya wageni, spika tulivu inaweza kuleta orodha bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa hiyo napendekeza jambo ambalo bendi chache za kule zimeshalianza bila kupendekezewa: ngoma zibaki nje ya waya. Spika ichukue midomo na magita, vitu vinavyohitaji msaada. Ngoma za ngozi zisiwekewe maiki, kwanza kwa sababu zinashinda spika yenyewe zikipigwa ipasavyo, na pili kwa sababu mlio wake unafika kijiji cha pili bila kuomba betri. Hili linambana mpiga ngoma ajizuie wakati wa maneno na kuachia wakati wa chemko, na linambana mpiga gita akubali kufunikwa kidogo. Mzee yule alikubali mpango huo kwa shingo upande, na ngoma zilipashwa tangu alasiri. Maiki ilipofika kwenye hotuba aliikamata yeye mwenyewe, akaisogeza mbali na mdomo kama wanavyofanya wazee wote, na hakuna aliyemsikia mpaka kijana wa bendi alipomsogezea.

Limebaki suala la malipo, na hapa spika ndogo bado inawadhulumu wenye nayo. Wenye sherehe wengi wanalipia ukubwa wa shehena. Fuso likiteremsha mzigo wa tani mbili, hakuna anayebishia bei. Sanduku moja likishuka kwenye bodaboda, bei inakatwa nusu kabla gita halijatekenywa, ingawa wapigaji ni walewale na nyimbo ni zilezile. Bendi mojawapo ya Masasi imejifunza kupatana kwa simu, kuchukua nusu ya fedha mapema, na kufungua begi wageni wakishakaa.